Daktari Hakusema Tuendelee

Rehema,

Jumamosi iliyopita nilikwenda Masalani kwa mama yako. Barabara imefunguliwa, ingawa bado kuna sehemu ambazo abiria hushuka wakapita kwa miguu ili gari livuke tope. Nilikwenda kumwambia jambo ambalo sikukuambia wewe. Sasa yeye anajua. Wewe, uliyestahili kujua kabla ya mtu yeyote, unalipata kwa barua, miezi mitatu baada ya kuzikwa. Nisamehe kwa hilo nalo.

Unaikumbuka siku tuliyofuata majibu ya picha, baada ya kemo ya nne? Ulikaa kwenye benchi umejifunika leso yako ya kijani, nami nikaingia peke yangu. Nilikuambia naenda kutia sahihi fomu. Hakukuwa na fomu. Daktari alinionyesha picha, akasema uvimbe wa saratani hausikii dawa tena na umeingia kwenye ini. Akasema, "Mwalimu, tunaweza kuongeza kemo mbili tukaona, au tupumzike. Tutampa dawa za maumivu, akakae na watu wake. Ongea naye. Uamuzi ni wake."

Nilipotoka uliniuliza, "Anasemaje?"

Nikakujibu, "Anasema tuendelee. Zimebaki mbili tu."

Hakusema hivyo, Rehema. Nilisema mimi.

Ukasema, "Nilitaka kwenda kwa mama kabla ya mvua." Nami nikakwambia mama yupo, Masalani ipo, tutaenda ukishamaliza. Nilikwambia kwa ile sauti yangu ya darasani uliyokuwa huipendi. Ukaguna, tukaenda kutafuta gari la kurudi nyumbani Waberi.

Nimejitetea kwa kila namna. Nimejiambia niliogopa kukupoteza, na ni kweli niliogopa. Lakini kuna kingine. Kila nilipoiona ile dripu ikidondoka mkononi mwako nilipata utulivu, kwa sababu kulikuwa na kitu kinafanyika. Ungerudi nyumbani ukakaa tu, ningelazimika kukutazama nikijua. Kwa hiyo nikakupa wewe maumivu ili mimi nipate utulivu. Sina njia nyingine ya kulisema.

Kemo ya tano walituambia damu haijatosha, tukarudishwa nyumbani, tukaenda tena wiki iliyofuata. Vidole vyako vilikuwa vimeshakufa ganzi. Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni nilikutungia uzi kwenye sindano kumi, nazichomeka kwenye kile kipande cha godoro, ili ukipata nguvu ushone zile sare za wateja. Nikirudi jioni nazikuta tisa bado zina uzi, mara nyingine zote kumi vile vile. Ulisema chakula kina ladha ya misumari, ukaanza kunywa uji kwa mwiko wa mbao. Ya sita ikakuletea vidonda mdomoni hata uji ukakushinda.

Jirani yetu Halima alikuwa akikuletea maziwa ya ngamia asubuhi, anakushikia kikombe. Siku moja alinifuata hadi langoni. Unajua Kiswahili chake. Akaniuliza, "Mwalimu, huyu nataka mama yake. Kwa nini wewe nakataa?" Nikamjibu ni maagizo ya daktari. Alinitazama, akafunga chupa yake ya maziwa, akaenda. Sikulala vizuri siku ile, lakini sikubadilisha neno.

Kisha mvua ikaja. Mto Tana ukafurika, barabara ya Masalani ikakatika, na wiki hiyo hiyo daktari akakwambia mwenyewe kwamba basi, dawa zimefika mwisho. Alipokuwa akisema hukumtazama yeye. Ulinitazama mimi. Mpaka leo sijui kama ulijua. Ungenigombeza ningejua. Ulisema tu, "Twende nyumbani," ukaniomba nikufungie leso.

Ulimsikia mama yako kwa simu, mtandao ukija na kukatika. Ulifariki Jumanne saa nne asubuhi, Halima akiwa jikoni, mimi nikiwa nimekushika mguu kwa sababu mkono ulikuwa unakuuma. Tulikuzika kwetu Mwingi. Mama yako hakuweza kuvuka. Hakuliona hata sanduku lako.

Ndiyo maana nilikwenda. Nilimkuta shambani anapalilia migomba ambayo maji yaliibakiza. Alinipokea vizuri, akaniita "baba Neema," akataka kunipikia. Nikamwomba aketi kwanza. Nikamweleza yote kama nilivyokuandikia hapa, hata ile fomu.

Alianza kutoa udongo kwenye kucha, mmoja mmoja. Kisha akasema, "Ungeniletea hata kwa siku mbili. Ningemwosha nywele."

Nikasema, "Mama, hakuwa na nywele."

"Ningemwosha kichwa," akasema.

Hakunitukana. Hakuniambia amenisamehe, na mimi sikumwomba. Alinipikia wali na samaki, tukala, akaniuliza ulikuwa ukilala ubavu gani siku za mwisho, na kama ulilia. Nilimjibu kila swali kwa ukweli. Nilipoaga alisema, "Likizo ukamlete Neema. Wewe pia uje." Alisita kidogo kabla ya hayo maneno ya mwisho, na nilistahili asite.

Amebaki Neema. Binti yetu anarudi Ijumaa kutoka bweni. Anawaambia rafiki zake kwamba mama yake alitaka kupigana hadi mwisho, na huwa ananitazama nimuunge mkono. Nimeitikia mara mbili. Kila nikiitikia nakudanganya tena, maana wewe hukutaka kupigana. Ulitaka kwenda kwa mama yako.

Nakuahidi nitamwambia Jumamosi asubuhi, akishapumzika, na nitamwambia peke yangu, bila kumwita mchungaji wala shangazi yake wanisaidie. Akinichukia kwa muda, nitavumilia. Akitaka kwenda Masalani siku hiyo hiyo, nitampeleka, na sitamwambia asubiri.

Pumzika, mke wangu. Ulikuwa na haki ya kuamua, na niliichukua mimi. Sikuombi unijibu. Nataka tu ujue kwamba sasa nakiri kwa kinywa changu, mbele ya kila aliyekupenda.

Mumeo,
Mwalimu