Presha ya Baba na Jina Lako

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumanne, 14 Juni.

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Naamini barua hii inakukuta mzima, na mgongo wa Mama Mdogo umetulia. Sisi hatujambo isipokuwa Baba. Ndiye sababu ya kuandika, na nakuonya mapema kwamba ninayokuandikia mwenyewe siyaelewi.

Presha yake imepanda tangu Machi. Muuguzi alisema hasira ya muda mrefu huweza kubana mishipa na kuuchosha moyo, akauliza kama mzee ana kinyongo na mtu.

Tangu siku hiyo Mama amepiga marufuku kukutaja. Wiki sita ulikuwa hujazaliwa. Hata picha yako na Baba mlangoni pa karakana ilihamia chini ya godoro.

Nampima Baba kila asubuhi na kuandika daftarini. Wiki zote hizo presha haikushuka chini ya mia na sitini na tano. Naye alikuwa mpole, anashukuru kila kitu, mpaka tukaogopa.

Jumapili Shangazi akajisahau. "Birika hili la chai mdogo wetu angelimaliza peke yake."

Baba akaweka kikombe chini. "Mnafiki yule! Miaka tisa! Kaondoka bila kuaga, na randa yangu ya kulainishia mbao kwapani!" Akafoka robo saa nzima, shingo imemsimama mishipa.

"Umemuua kaka yako," Mama akasema.

"Kwani wiki hizi sita alikuwa hai?" Shangazi akajibu.

Baba alipotulia nikampima. Mia na arobaini na mbili. Nikabadilisha betri, nikahamia mkono wa pili. Mia na arobaini.

Muuguzi anasema kipimo kimoja si ushahidi, dawa ameze, na tusimchokoze kwa majaribio. Sawa. Lakini nikutaje au nisikutaje? Ukija utamponya au utammaliza? Mama anasema usije. Shangazi anasema ulipaswa kuja jana. Daftari langu lina tarakimu tu.

Leo asubuhi, nikimfunga mkanda wa kipimo, Baba aliuliza huku akitazama ukuta: "Ile randa bado inakata?"

Nikasema sijui.

"Si umuulize."

Msalimie Mama Mdogo na mapacha. Mola aipe mioyo yenu utulivu, na sisi tuupate uliobaki.

Nakuuliza basi, Baba Mdogo: inakata? Jibu la kweli, hata kama umeipoteza.

Wako akupendaye,
Mwanao, kifungua mimba wa kaka yako.