Njia ya Igombe Inapita kwa Mzee Chenge

Kiseke, Ilemela,
Mwanza.
17 Mei 2026

Mpendwa mdogo wangu Ndalahwa,

Shikamoo yako niliipata kwenye simu, nami naijibu kwa kalamu: marahaba. Hujambo wewe? Wifi Marijke hajambo? Na Sabina mdogo, lile jino lililokuwa linacheza limeshang'oka? Sisi huku tu wazima. Mvua zimekatika, mpunga wa Kisesa umeanza kugeuka njano, na Josephat mume wangu anakusalimu huku akijikanda mapaja. Ukisoma mbele utajua kwa nini.

Nimeamua kuandika barua kwa sababu ya Mama. Tangu ahamie hapa kwangu, kila ninachosema kwenye simu anakisikia, hata akiwa jikoni anakaanga dagaa. Jambo lenyewe linamhusu, kwa hiyo nikaona karatasi haina sauti.

Uliniomba nikutafutie njia tatu za baiskeli kwa ajili ya likizo yenu ya Julai. Moja ngumu, ya kwako. Moja ya wastani, ya wifi. Na moja nyepesi ya mtoto, anayetaka kuendesha sambamba na bibi yake Sabina, ambaye yeye amerithi jina lake. Nimezunguka wikendi zote za mwezi uliopita, na nakuambia ukweli, nimerudi na maswali mengi kuliko njia. Hivi ni kweli hiyo nchi mnayoishi haina kilima hata kimoja? Sasa mtu anajifunzaje kutumia breki? Na hizo barabara za baiskeli peke yake, bodaboda hawachomekei humo?

Tuanze na ya kwako. Asubuhi unapanda kivuko cha kwenda Kamanga, baiskeli unaisimamisha kati ya magari na magunia. Ukishuka ng'ambo unakamata barabara ya Sengerema, vumbi la kutosha, halafu unapinda kurudi Busisi na kuvuka ziwa kwa daraja jipya. Pale juu simama kidogo uangalie maji pande zote mbili. Upepo wake Josephat anasema unataka kumvua mtu shati. Kutoka Kigongo unakuja Usagara, Buhongwa, Mkolani, mpaka mjini, na hapo kaa pembeni kabisa maana malori ya Shinyanga hayana mzaha. Nimekuandikia kwa uhakika kwa sababu mume wangu aliijaribu yote, isipokuwa kipande cha mwisho. Kutoka Buhongwa alirudi amepakiwa kwenye guta la magurudumu matatu lililobeba mkaa, yeye na baiskeli yake, weusi wote wawili.

Ya wifi inapita njia za ndani za Buswelu hadi Kisesa, kisha mnapanda taratibu mpaka Bujora. Kuna mawe makubwa yamebebana, kuna majaruba ya mpunga, na kilima ni kimoja tu cha kumtia adabu. Simu ilituambia ni mwendo wa saa moja na nusu. Tulitoka asubuhi tukafika jua la utosi.

Kosa lilikuwa langu. Niliangalia ramani nikasahau kwamba ni Jumapili, na wazee wote walikuwa njiani wanatoka misa. Hukumbuki ndugu yangu? Kwetu mkubwa hasalimiwi kutoka juu ya baiskeli. Unashuka, unaishika vizuri, unakunja goti, unasema shikamoo, unaulizwa ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ndipo unapanda tena. Hujaenda mbali unamuona mwingine na fimbo yake. Josephat alishuka mpaka akaamua kutembea tu. Ramani ya simu haijui shikamoo. Basi mwambie wifi tutaondoka mapema, kabla padri hajamaliza mahubiri.

Hapo ndipo likanijia swali ambalo halijaniacha. Huko kwenu mnafanyaje? Ukikutana na mzee, unapunga mkono na kupita? Na wewe binafsi, baada ya miaka yote hiyo, mguu wako haukuwashi kutaka kushuka?

Sasa nije kwenye ya mtoto. Njia nyepesi ni moja tu, na unaijua: kutoka hapa kwenda Igombe. Tambarare karibu yote, ziwa linachungulia mkono wa kushoto, mwisho wake mchanga na dagaa walioanikwa. Ndiyo njia ambayo Mama alitulea nayo. Madumu na magunia ya dagaa kwenye keria, na yeye mbele kanyoosha mgongo, tena anaimba.

Nilipomwambia kwamba mjukuu anataka kuifuata njia hiyo pamoja naye, alifurahi mpaka akaomba baiskeli yake ipulizwe upepo. Kesho yake akasema siku hiyo huenda akawa na homa. Nikajiuliza, ni mgonjwa gani anayeijua homa yake ya Julai tangu Aprili?

Nyonga yake imepona, Ndalahwa. Mtaalamu wa mazoezi hospitalini alimwambia baiskeli ni dawa, mradi asipande na kushuka ovyo, wala asikunje goti. Akishikiwa tandiko wakati wa kupanda, anakwenda vizuri kuliko mimi. Nimemuona akizunguka uwanja wa shule hapa mtaani. Lakini barabarani hatoki. Nilimchokonoa wiki nzima, akanizungusha wiki nzima. Mwishowe, tukichambua mchicha, akaniuliza bila kuinua macho: "Hiyo njia bado inapita kwa Chenge?"

Nikaelewa. Nilikuambia wakati ule kwamba Mama alianguka karibu na Igombe, ila sikukueleza kwamba alikuwa anashuka kumsalimia Mzee Chenge. Kitenge kilinasa kwenye tandiko, akaenda chini mbele ya miguu ya mzee wa watu. Unamkumbuka Mzee Chenge, yule mwenye zizi lenye uzio wa minyaa, anayekaa kwenye kiti barazani kwa mwanawe na kujua nani kapita bila kusalimu? Ndiye pekee kwenye njia ile yote ambaye ni mkubwa kwa Mama. Wengine wote wanamwamkia yeye, na Mama anaweza kuitika marahaba huku anapiga pedali. Kwa Chenge ni lazima ashuke. Na kushuka hawezi.

"Nipite kama mbuzi?" aliniambia. "Mtu aliyeniletea maziwa hospitali mpaka nikasimama? Bora nikae nyumbani."

Niliumia sana. Mtoto anavuka bahari kuja kuendesha na bibi yake, na bibi amefungwa na heshima. Nikatafuta njia ya kumkwepa mzee. Nilipita majarubani, nikazama tope mpaka magotini. Nikajaribu upande wa ziwa, mawe yakanirudisha. Nikaona hakuna ujanja, ni kwenda kwa mwenyewe.

Nilishuka, nikapiga goti, nikaamkia. Lakini utamwambiaje mzee kwamba unaomba mama yako asimsalimu? Maneno hayo hayana pa kushikia. Nikazunguka: nyonga ya Mama, mjukuu wa Julai, mtaalamu wa mazoezi, kitenge. Nikamwambia kwamba Jumamosi tungependa kujaribu njia kidogo. Mzee alinisikiliza, akatafuna mti wake wa mswaki, kisha akasema: "Jumamosi asubuhi mimi nahesabu ng'ombe zangu." Basi. Akaanza habari za malisho. Nilirudi nyumbani nimekata tamaa, nikijiuliza ng'ombe wanaingiaje hapo. Wenyewe ni watatu.

Jumamosi ikafika. Mama alikubali kwa sharti moja: tufike kwenye kona iliyo kabla ya zizi, pale penye kichuguu, tugeuze. Josephat akamshikia tandiko, akapanda. Mimi nyuma, Josephat nyuma yangu akihema. Watu walitoka madukani kumtazama. "Shikamoo Mama Ndalahwa!" "Marahaba!" Yaani bado wanamwita kwa jina lako. Mgongo ukaanza kunyooka kidogo kidogo, na kabla ya kona nikamsikia anaimba.

Tulipofika kwenye kichuguu alipunguza mwendo ageuze, nami nikajiandaa kumshika. Akatazama mbele. Nami nikatazama.

Kiti cha Mzee Chenge hakikuwa barazani. Kilikuwa kimehamishiwa upande wa pili wa uwa, kimeelekea zizini, na mzee amekaa ametupa mgongo barabarani. Kanyoosha fimbo. "Moja," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwetu. Kimya kirefu. "Mbili." Kimya tena. Ng'ombe nao wamesimama tu wanamshangaa. Alipomaliza wa tatu akaanza upya na wa kwanza.

Mama hakugeuza. Alikanyaga pedali, akaingia kipande kile taratibu, macho mbele. Alipokuwa usawa wa minyaa, heshima ikamshinda. Akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ndogo, "Shikamoo."

Mzee hakugeuka. "Marahaba, Sabina," akaitika. "Mimi sijaona mtu. Nahesabu."

Ndugu yangu, nililia barabarani pale, na Josephat naye alisingizia vumbi. Mama alikwenda mpaka Igombe bila kusimama. Tukamshusha penye mchanga, akavua kandambili, akaweka miguu ndani ya maji. Baadaye akauliza kama baiskeli ya mtoto ina kengele.

Sasa mambo ni haya. Homa ya Julai imepona. Mama atakwenda na mjukuu wake mpaka ziwani, na anayetaka kuwafuata atawafuata. Lakini wewe una goti zima, na mtoto ana magoti mazima, kwa hiyo kwa Mzee Chenge mtashuka. Mfundishe kuanzia sasa, hata kama huko kwenu watu watashangaa. Na wewe shuka mara mbili, ya kwanza ni yako, ya pili ni ya Mama. Mzee atakuwa amewapa mgongo. Msisubiri ageuke. Amkieni mgongo huo huo, ataitika.

Josephat anakusalimu tena. Shangazi Paskazia wa Mkolani anauliza kama unakula ugali. Mama anawasalimu wote na kumbusu wa jina lake. Mfikishie wifi salamu zangu, umwambie kilima cha Bujora kinamsubiri kwa hamu.

Mungu awalinde angani na nchi kavu, awafikishe mikononi mwetu mkiwa salama na minyororo ya baiskeli ikiwa na mafuta.

Dada yako akupendaye siku zote,
Bernadeta

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Mzee Chenge ametutumia ujumbe kupitia mwanawe. Ng'ombe mmoja amezaa, kwa hiyo hesabu ya Jumamosi sasa itachukua muda zaidi. Anasema Sabina asikimbize baiskeli.