Aliyemwita Baba Yake Mjomba

Mpendwa mjukuu wangu Neema,

Hapa Mbebe hatujambo. Baba yako amepona mguu, na kahawa yangu ndiyo inayosifiwa mlima mzima, usinibishie.

Unauliza, kwa ajili ya masomo yako, gereza la nchi gani lilimjali mfungwa mwenye mtoto. Wakati wa vijiji vya Ujamaa nilifika kwenye mawili. Huku kwetu, alikofungwa kaka yangu, watoto walibaki getini. Ng'ambo Zambia, alikofungwa babu yako kwa kuvusha sukari, mtoto wa kuzaa aliingizwa ndani, baba akampakata.

Ruhusa hiyo sikuijua. Nilikuwa mwenyekiti wa akina mama, nikaona aibu kuitwa mke wa mfungwa. Kutoka Tunduma njia nzima nikamfundisha baba yako, wa miaka mitano: "Ukiulizwa, sema ni mjomba."

Askari aliinama. "We bwana mdogo, yule ni tata wako? Baba yako?"

Mtoto akaniangalia kwanza mimi. "Hapana. Ni mjomba."

"Basi msalimie hapa hapa kwenye wavu. Wanaoingia ni watoto wa wafungwa tu."

Mdomo wangu huu, hodari wa kuhutubia, ukasema tu: "Haya, msalimie."

"Shikamoo, mjomba."

Babu yako alinitazama, akaelewa. Akapenyeza vidole viwili kwenye wavu. "Marahaba, mjomba wangu."

Alipofunguliwa, mwanawe alikuwa mkubwa, hapakatiki tena. Kwa hiyo andika hivi, Neema: ng'ambo waliruhusu, aliyekataza ni bibi yangu.

Ni mimi, bibi yako mwenye kujivunia wewe.