Vijidudu vya Raphael

Kikuyu, Dodoma

Mdogo wangu Hilda,

Jirani yangu Joha amejifungua salama. Magoti yangu ni yaleyale.

Tangu tumzike mwanangu Raphael, bado unamwaga samadi kwenye tangi lake, ili vijidudu vyake vimeze gesi ya samadi hiyo, ile inayopasha dunia joto, navyo viwe chakula cha kuku. Majirani wanakuletea ndoo za samadi kama rambirambi. Lakini chuo alikokuwa akifanya utafiti kimesema hakuna wa kuendeleza kazi yake. Nilipokupigia simu ulilia: “Dada, hivi vikifa tutakuwa tumemzika mara mbili.”

Tulizime tangi, Hilda. Ila unisubiri. Nakuja kwako Haneti Jumamosi. Nataka niyasikie mapovu ya tangi lake kwanza, kisha nifunge koki kwa mkono wangu.

Dada yako,
Zipora