Beji ya Baba kifuani kwa Mzee Masunga

Jumamosi, Somanda

Na hakuna aliyetuambia mapema desturi yao, mimi na jirani yangu Neema, wageni pekee kwenye mkutano wa wapenzi wa kukusanya na kubadilishana beji.

Mzee Masunga, mkubwa wao, aliipenda beji ya marehemu baba, ile ya ushirika wa pamba. "Hebu nivalishe niione, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. Nikamvalisha kwa adabu tu. Meza nzima ikapiga makofi. Kumbe kwao ukimvalisha mtu beji, mmeshabadilishana. Akanichomekea yake ya kwaya, mpya.

"Mimi sijabadilisha," nikasema.

"Mkono wako ndio uliokubali," akajibu, wakacheka.

Kwa hesabu sijapungukiwa: nilienda na sita, nimerudi na sita. Lakini mama alinipa ile niitunze. Mimi niliyejenga duka kwa kubishana bei, leo nimeona haya kubishana.

Nilijipa moyo kwamba Jumatatu nitamfuata nimwombe. Ila tulipokuwa tunapanda bodaboda, nikageuka. Mzee Masunga alikuwa akimvalisha mwenzao mmoja aliyetoka Mwanza ile beji ya baba, na meza nzima inapiga makofi.

Mama sijampigia. Nimwambie nini...