Ng'ombe wa Jirani

Kebirigo, Jumamosi, Machi 1974

Jua limezama, Sabato imekwisha, nimefungua faili. Jumatatu lazima kampuni yetu ya ndege iijibu Wizara, la sivyo tutanyimwa kibali cha kuuza tiketi za kampuni nyingine. Wanauliza: abiria akinunua tiketi kwetu, akapanda ndege ya kampuni tunayoshirikiana nayo, akikwama ugenini atamdai nani? Wakubwa wangu wanataka niandike, "Wenye ndege."

Nilimweleza mama, akacheka. "Hiyo si egesangio? Nyumba kadhaa zinachanganya ng'ombe, zinachunga kwa zamu. Umesahau ng'ombe wa jirani?"

Sijasahau. Zamu haikuwa yetu siku ile, lakini jirani alimkabidhi marehemu mke wangu, Kerubo, ng'ombe wake langoni. Ng'ombe huyo alipopotea, Kerubo alitoka kumtafuta kwenye mvua.

Nikamwambia, "Si zamu yako."

"Baba Nyaboke, mkono uliopokea kamba ni wangu."

Alirudi ameloa chapachapa, ng'ombe nyuma yake.

Basi nimeandika: anayeuza tiketi ndiye atakayemjibu abiria mpaka afike. Wakubwa wasipopenda...

Nilipomaliza nikalisoma jibu kwa sauti kuelekea jikoni, kama nilivyomsomea Kerubo zamani. Mama ndiye aliyeitikia.