Mtu wa Kukaa na Baba

2 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Hujambo huko mjini? Shemeji na watoto wazima? Sisi tunaendelea vizuri, na habari njema ni kwamba Baba amerudi nyumbani. Mapafu yake hayatapona, daktari kalisema hilo bila kuficha. Lakini aliposikia habari za paneli za jua ulizotufungia paani, akamruhusu siku ileile. Anasema nyumba yenye umeme wake haina sababu ya kumwacha mzee wodini. Sasa mashine ya oksijeni inanguruma kando ya kitanda mfululizo. Baba anasema hatimaye ameelewa marehemu Mama alivyoteseka kulala na mkoromaji.

Ila kuna jambo. Yule mwenye kiwanda cha sare za shule amenipa kazi ya kukata vitambaa, nianze mwezi wa nne. Ni mbali, itabidi nipange chumba huko. Na mashine hii haitaki kuachwa. Betri ikishuka, kengele inalia, na lazima mtu akimbilie kuzima friji na taa, la sivyo mashine inazimika. Bila mashine Baba hafiki hata mlangoni. Tufanyeje?

Mdogo wako,
Sindano

13 Februari

Sindano wangu,

Marahaba. Huku wote wazima, ila kazi imenibana. Siku hizi kila mtu anataka paneli, hata mwenye kibanda cha mabati mawili, nami nazunguka kuziuza mpaka soli zimeisha. Hongera kwa kazi!

Kusikia betri inashuka nimeona aibu, mimi ninayewaahidi wateja mwanga usiokatika. Ondoa shaka. Wiki ijayo fundi atakuja na paneli mbili zaidi, tutakuwa tumemaliza. Ataongozana na mpiga picha, maana meneja wangu ameipenda sana habari ya Baba na anataka kumtia kwenye matangazo. Mvalishe lile shati la bluu.

Dada yako

21 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote. Baba anakusalimu. Nilimletea tangazo lake kutoka kwa muuza vocha, na tangu siku hiyo anajiita mwanamitindo. Mkono wangu ulioshika mrija wameukata pichani, lakini yeye katoka vizuri.

Paneli zimefungwa, asante sana. Vumbi la kufuta nalo limeongezeka, kwa hiyo kila asubuhi niko juu ya ngazi. Watu wanakuja kutazama paa letu kabla ya kununua paneli zao. Nawapikia chai, wanasifu, wanaondoka. Wao wanaondoka, Dada. Mimi tangu Baba arudi sijafika hata kwa rafiki yangu msusi aliyejifungua mtaa wa pili. Yule msichana wa kazi uliyetutafutia aliisikia kengele mara moja tu, akafungasha. Wala simlaumu.

Mwenye kiwanda amenisogezea mpaka Juni, hatanisogezea tena. Sikuomba umeme, Dada. Naomba mtu.

Mdogo wako,
Sindano

18 Aprili

Sindano wangu,

Marahaba. Barua yako imenichoma. Ningeweza kuja ningekuja, unajua hilo, lakini nikiacha kazi, watoto watasoma kwa pesa gani, na dawa za Baba zitatoka wapi?

Ndiyo maana nimewaletea betri kubwa kuliko zote tunazouza. Fundi ameniambia amekwisha kuifunga, pamoja na kile kifaa kinachonionyesha kwenye simu jinsi umeme wenu unavyotumika, dakika kwa dakika. Wewe unalinda huko, mimi nalinda huku. Hauko peke yako tena!

Halafu, jana mchana niliona matumizi yamepanda ghafla. Ni pasi? Mdogo wangu, ile ya mkaa si bado ipo?

Dada yako

27 Mei

Dada,

Shikamoo. Baba yuko hai, naanza na hilo.

Mawingu yametanda wiki nzima na umeme wa mtaani haupo. Jana nilitoka kununua uzi, hapo tu dukani. Simu ikaita, ni wewe: "Betri inaisha, kimbia!" Kengele nilikuwa nimeshaisikia, Dada, nilikuwa nakimbia. Nilimkuta Baba sakafuni, anatambaa kuelekea kwenye friji, midomo imekuwa ya kijivu. Wewe uliyaona yote kwenye simu na hukuweza kuchomoa hata waya mmoja.

Nimeogopa sana. Na nimekasirika, hata wewe nimekukasirikia. Naondoka Juni mosi kwa basi la alfajiri. Mama jirani atakaa na Baba mpaka jioni ya siku hiyo, zaidi ya hapo hawezi, ana mgonjwa wake mwenyewe. Baba nimemwambia. Alilia kidogo, kisha akanikumbusha nisisahau mkasi.

Mdogo wako

20 Juni

Sindano wangu,

Hujambo huko? Chumba umepata? Kazi inaendaje?

Niko hapa tangu jioni ile. Nilikuja na mkoba wa wiki moja, sasa navaa magauni yako, na yananibana kama unavyoweza kufikiria. Naoga mlango ukiwa wazi ili nisikie kengele. Juzi walikuja wateja kutazama paa, nikawapa maneno yangu ya kila siku, kwamba umeme wa jua ni uhuru. Baba alicheka mpaka mrija ukamtoka puani. Mimi nilitamani kulia. Mwanangu wa mwisho ameniuliza kwenye simu kama nimehamia huku.

Natafuta msichana wa kazi, sipati. Huwezi kuja, hata Jumapili moja tu?

Dada yako

15 Julai

Mdogo wangu,

Hujambo? Barua yangu uliipata? Baba anakuulizia, namwambia una kazi nyingi.

Nilimwandikia meneja. Nilimweleza kila kitu bila haya, kwamba siwezi kurudi kazini kwa sababu hakuna mtu wa kukaa na Baba. Jibu lake limefika leo, la upole kweli. Anatupa pole, anamsalimu Baba, na anasema Jumatano fundi atakuja na paneli nne zaidi.

Nijibu wewe, tafadhali.

Dada yako